Futi Arobaini na Moja

Mimi ndiye nifunguaye vifuniko.
Lori langu lina mpira mnene kama paja
na jina ubavuni: Delphis Cyr na Mwana,
ingawa mwana alihamia Portland kuuza simu.
Kaskazini hii ya Maine, mji unapokoma na viazi kuanza,
nimenyonya kila shimo la maji taka mara mbili, mengine tatu.
Najua nani anakula nini.
Najua pete ya nani haikuibwa.

Basi Lorette Pelkey kanipa karatasi nimsomee,
macho yake yameingia ukungu.
Kurasa thelathini. Picha za makabati,
picha ya nyumba imechutama thelujini,
na bei mwishoni, nono, imeshiba sifuri.

Mthamini alitoka Bangor na viatu visivyo na kamba.
Alikaa dakika kumi na tisa;
Lorette alizihesabu kwa saa ya jiko.
Alipima sebule kwa kamwanga chekundu,
akasifu sakafu,
kisha akatia vema:
Maji, ya mji.
Maji taka, ya mji.

Ya mji!
Bomba la mji lilifia maili saba kutoka hapa,
nyuma ya kanisa, mwaka ule wa mafuriko,
na halijafufuka.

Nilicheka. Kidogo.
Maana nilikuwepo Normand alipolizika lile tangi,
kiangazi, tungali vijana wenye migongo.
Wala halikuwa tangi: pipa la mafuta la shule iliyofungwa,
alilipata kwa kreti moja ya bia,
na nusu ya bia hiyo niliinywa mimi.
"Kisima kiko mbali," alisema.
Hatukupima. Nani angepima na jua lile?

Leo nimepima.
Nimeutandaza utepe juu ya theluji, kifuniko hadi kisima,
nikarudia, kwa kuwa vidole vilikufa ganzi,
au kwa kuwa nilitaka jibu jingine.
Arobaini na moja.
Sheria inataka mia.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo.
Hawakusema mkondo hubisha hodi.

"Miaka hamsini nayanywa," anasema Lorette, "sijafa."
Kweli, hajafa.
Normand alikufa, kwa moyo, walisema,
na habari ya moyo tuiache.

Wanunuzi ni vijana, Tobin na Annika,
yeye Annika tumbo limetangulia mlangoni.
Wamekwisha pima chumba kidogo, pa kuweka kitanda cha mtoto;
hicho walikipima vizuri, hadi robo ya inchi.
Benki imekubali. Benki haijawahi kunywa maji ya mtu.
Na kule Caribou kuna chumba cha wazee, dirisha moja,
kinamngoja Lorette mpaka mwisho wa mwezi,
na hakingoji bure.

"Si mimi niliyeandika," anasema.
"Si wewe."
"Wala wewe."
"Wala mimi."
Tunakitazama kile kisanduku, kidogo kuliko ukucha,
jinsi kilivyomeza kisima na pipa
na kreti ya bia na kiangazi kizima
bila hata kucheua.

Ananimiminia maji, kama kila nimalizapo kazi,
bilauri ileile yenye jogoo.
Leo nainua mwangani kwanza.
Meupe. Huwa meupe siku zote,
ndiyo hila yake.
Anaona ninavyotazama.
Hasemi kitu. Anaifuta meza ambayo ni safi.

Kisha anageuza ukurasa wa mwisho, upande mtupu,
anausogeza kwangu.
"Andika wewe. Mwandiko wangu hausomeki."
"Niandike kwa nani? Kwa benki?"
"Kwa yule binti."

Kalamu ina jina la benki, na baridi imeugandisha wino.
Naiweka kinywani, naipulizia.
Naandika 4.
Wino unakatika.
Napuliza tena.