Swali la Kumi na Moja

Jalada limefika Ghent kwa posta, Jumanne, limelowa pembeni.
Limetoka Tbilisi, kwa Tsisana Kobalia,
mwanamke nisiyemjua ila kwa mwandiko:
herufi zimeinama kama watu wanaopanda mlima.
Anachota maji ya mtaro nyuma ya machinjio,
anayachuja, anayachuja tena,
hadi abaki na kisichoonekana,
virusi vinavyokula bakteria,
njaa tupu ndani ya kichupa cha urefu wa kidole.

Kazi yangu ni kusoma.
Miaka kumi na tisa nasoma, napiga muhuri,
mchana nala mkate na jibini juu ya meza hiihii.
Swali la kumi na moja linauliza:
*Je, dawa itabaki vilevile, bila kubadilika,
kwa miezi ishirini na minne?*
Wote hujibu ndiyo. Hata waongo.
Tsisana ameandika: *Haitabaki.
Bakteria wakibadili kufuli, virusi hubadili ufunguo.
Siku vitakapotulia, vitupeni.*

Nilicheka peke yangu. Kisha nikapiga muhuri:
HAIJAKIDHI.

Msinione katili.
Swali hilo halikuota ukutani kama kuvu.
Kabatini, ghorofa ya chini, mna picha za watoto sita
walionyweshwa dawa ya kikohozi
iliyokuwa tamu mwezi wa kwanza, sumu mwezi wa tano.
Mama mmoja alikuja kila Ijumaa na chupa mkobani,
akaiweka juu ya kaunta, asiseme kitu,
mpaka swali likaandikwa.
Ndivyo nilivyofundwa siku ya kwanza kazini:
kila mkato humu una kaburi lake.

Lakini Wannes Dhaene, fundi wa mapaa,
ana mguu unaonuka tangu Machi.
Alianguka kutoka paa la kanisa;
mfupa ukaunga, bakteria wakabaki.
Antibiotiki saba zimempitia
kama maji juu ya jani la gimbi.
Daktari keshachora mstari wa buluu
juu ya goti, pahali pa kukata.
Husemwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Sikuwahi kuyaona meno yake karibu hivi.

Godelieve, mfamasia wa kando ya mfereji,
hakuja kunibembeleza. Alikuja na kitabu
cha kanuni za zama za mizani ya shaba,
akaweka kidole:
*Mfamasia aweza kuchanganya dawa
kwa mgonjwa mmoja, kwa jina lake, kwa amri ya tabibu wake.*
"Si kiwanda," akasema. "Ni Wannes."
Nikatafuta sababu ya kukataa.
Niliitafuta kwa bidii, ndiyo kazi.
Sikuipata.

Basi kitu kipya kikaingia mjini,
si kwa lango kuu lenye bendera na vipaza sauti,
kwa mlango wa jikoni
ambao waliotutangulia walisahau kuufunga.

Wannes anatembea. Huchechemea mvua ikinyesha.
Ila ng'ambo ya mpaka, saa moja kwa treni,
kuna Solenne, mpishi wa shule,
jeraha lilelile, bakteria walewale,
na kitabu cha kwao hakina ukurasa ule.
Aliniandikia barua mbili.
Ya tatu aliiandika dada yake.

Usiku huu nimebaki ofisini.
Nimelikata swali la kumi na moja,
nimeliandika upya kwa penseli:
*Eleza jinsi dawa inavyobadilika, na nani anaitazama.*
Mkubwa wangu atauliza: itazamwe kwa kipimo gani?
Mara ngapi? Nani ashtakiwe ikipotoka?
Ana haki ya kuuliza.

Nimeshuka chini, nimefungua kabati,
nimewatazama wale sita, mmoja mmoja.
Kisha nampigia Tsisana. Kwao ni saa saba usiku.
Anaitika upesi, kama aliyekuwa macho;
nyuma yake mashine inazungusha vichupa.
Niambie, namuuliza, ninyi huko
huwa mnapima nini?