Krediti Tatu

Daktari Mundhir anahesabu kwa kalamu nyekundu:
fizikia, ishirini na nne,
hesabu, kumi na nane,
maabara ya miamba, zimetimia na kuzidi.
Kalamu ikasita.
"Elimu ya jumla, binti. Umepungukiwa tatu."

Tatu! Kama chenji ya dukani.
Miaka minne hapa Nizwa nagonga mawe,
nayajua majabali yaliyotoka chini ya bahari
yakakaa jangwani kama mgeni asiyeaga.

Kulikuwa na Uandishi wa Kiarabu, saa mbili asubuhi,
au Jamii na Historia, jioni.
Nikachagua usingizi.

Wiki ya tano tukaagizwa: mhoji mtu wa nyumbani,
kurasa sita, na tanbihi.
Nikamwekea simu bibi yangu Shinuna
akichambua mchele, Birkat al-Mawz.
"Niseme lugha gani?"
Inayokujia, nikamwambia.

Ikamjia ya Wete, saa nzima na nusu:
mwalimu wa jometri na kiatu chake kimoja kirefu,
kanuni ya pembetatu, akaitamka yote bila kukosea,
kisha Maskati, cheti cha darasa la kumi mkononi,
na karani aliyekigeuza juu chini:
"Hiki hatukijui. Anza la tatu."
Hakuanza. Alikuwa na mimba ya mama.

Kazi yangu ilipata alama nzuri. Krediti zikatimia.
Nilipompelekea habari alikuwa kwenye ungo uleule.
Akatoa kijiwe, akakiweka kiganjani mwangu.
"Na hiki," akasema, "mnakihesabu?"