Kifungo Kimoja

Dukani Luthuli ilikuwa ikionyesha samaki,
samaki wa rangi ambazo muuza nyuzi hajawahi kuniletea.
Nikasema, hii.
Nikahesabu pesa za chama noti kwa noti,
zamu yangu baada ya miezi kumi na mmoja,
na Mutwiri akaifunga sanduku taratibu
kama anayemfunga mtoto nepi.

Nyumbani Umoja, ghorofa ya tatu,
msomaji wa habari akatoka kijani.
Kijani cha mtu aliyekula yai viza
na anajizuia kwa sababu ya wageni.

Ombati, miaka kumi na miwili, akashika rimoti,
akaingia vyumba ambavyo sikujua vipo.
"Mama, bado inadhani iko dukani."
Kweli, palikuwa na neno hilo hilo, hali ya duka:
mwangaza wote, rangi zote,
bibi harusi ambaye wiki imepita na hajanawa poda.
Tukaitoa dukani. Tukaiambia uko kwako sasa, tulia.
Uso wa msomaji ukarudi kuwa wa mtu.

Ikabaki kutetemeka.
Picha yaruka, yatulia, yaruka.
Tukabadilisha waya, tukageuza antena ikatazama Limuru,
tukachomoa pasi, tukachomoa friji hadi maziwa yakaganda,
mpaka Ombati alipochungulia dirishani akaangua kicheko:
chini, Baba Nekesa anachomelea geti,
kila cheche yake huko, mruko wetu huku.
Nikashuka kumuuliza geti litaisha lini.
"Alhamisi," akasema, bila kuvua miwani.
Haya.
Alhamisi picha ikasimama wima.

Ndipo nikaiona.
Usiku, kwenye filamu ya giza, juu kushoto,
nukta ya kijani, ndogo kuliko tundu la sindano,
isiyozimika.
Nikaifuta kwa kitambaa cha pamba. Nikaipulizia pumzi.
Nikazima, nikawasha,
nikakaa karibu hadi macho yakatoa machozi.
Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa,
jicho langu halijui kuruka dosari.
Uzi ukivutika kwenye sweta ya mtu nisiyemjua
mkono wangu huwasha.
Ombati anasema hakuna anayeiona ila mimi.
Najua.
Ndiyo shida yenyewe.

Sanduku likarudi Luthuli.
Mutwiri akainama, akafumba jicho moja, akalifumbua.
"Mama, hii ni nukta moja.
Kampuni inasema zifike tano ndipo tubadilishe.
Soma hapa."
Maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Nikamuuliza: nikikushonea shati,
kifungo kimoja kikakosekana, hapa kifuani,
utalivaa ungoje vikosekane vitano?

Akajigusa shati.
Mimi nilikwisha kuona tangu siku ya kwanza,
cha pili kutoka juu hakipo, pamebanwa kwa pini.
Hakusema neno. Nyuma yake samaki waliogelea
katika runinga ishirini,
na hakuna hata mmoja mwenye nukta.

Sikubadilishiwa.
Nilipewa waya mpya, bure,
na tarehe ya kumwona meneja, ambaye husafiri.

Jumamosi mpira uligonga mwamba.
"Ungeingia," Ombati akasema, "umezuiwa na ile yako."
Ile yangu.

Kwenye mkoba nina kifungo cheupe, matundu manne,
nimekichagua kifanane na vile vingine vya shati lake.
Nitakwenda nacho siku ya meneja.
Sijaamua kama nitamshonea,
au nitakiweka tu pale mezani, juu ya risiti.