Nafasi Moja

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko foleni ya kivuko cha Kamanga, ulianza kushoto mwa skrini, ukapita kulia, ukatoka nje,
nami nikaufuata kwa kitufe cha mshale, kulia, kulia,
kama anayemsaka mbuzi aliyekata kamba
juu ya mawe ya Mabatini.

Ulikuwa ujumbe wa risiti tu.
Mama anauza dagaa Mwaloni, kwa gunia na kwa sado.
Madeni yake yamo katika daftari
ambalo panya wamekopa kurasa bila kuandikwa.
Nikasema nitamtengenezea programu.
Wiki ya tatu ya mafunzo, Nyakato,
chumba juu ya duka la vipuri,
mashine moja watu wawili, umeme ukipenda.

Mwalimu Ng'wigulu aliutazama, akakunja uso.
"Minza, huu unakwenda Ukerewe?
Ukate. Fungua mabano. Ndani yake
kila kipande kivae alama zake za kunukuu,
kikae chini ya mwenzake.
Mashine itaviunga. Anayechoka ni msomaji."

Nikakumbuka kidato cha pili:
ukwapi, utao,
mshororo unaovuta pumzi katikati.
Kumbe haya nilishafundishwa
na mtu asiyewahi kugusa kompyuta.

Nikakata:

("Asante kwa kununua dagaa wetu, "
 "karibu tena Mwaloni. "
 "Hapa ni kulipa, si"
 "kukopa.")

Ukingo ulinyooka
kama vichanja vya Igombe asubuhi.
Nikajipongeza kwa soda.

Jumamosi akaja Mabula wa Sengerema,
anayedaiwa magunia mawili tangu Pasaka.
Akanunua sado moja kwa taslimu,
akapokea risiti, akaisoma, akatabasamu,
akaishika kama hati ya kiwanja.
"Mama Minza, hebu soma mwenyewe."
Mama akasoma kwa sauti, soko zima likisikia:
Hapa ni kulipa, sikukopa.
"Umeona? Sikukopa.
Na hii ni mashine, haina undugu na mtu."

Wapagazi walicheka hadi gunia likadondoka.
Mama hakucheka.
Alinitazama vile anavyotazama mizani
akishuku kuna kidole cha mtu juu yake.

Usiku nilirudi kwenye kipande cha tatu.
Baada ya si, kabla ya alama kufunga mlango,
nikabonyeza kitufe kirefu kuliko vyote,
mara moja.
Hakuna kilichoonekana.
Nilikaa nikiitazama ile hewa
yenye thamani ya magunia mawili,
nikaona haya kwa soda niliyokunywa.

Siku hizi nikikata mstari
nausoma kwa mdomo, polepole,
kipande kwa kipande,
nikisikiliza wapi neno linataka kukaa peke yake.

Mabula amelipa nusu.
Lile karatasi la zamani amekataa kulirudisha:
amelibandika ukutani dukani kwake, Sengerema,
na kila anayemdai
huonyeshwa.