Skrubu Moja Imebaki

Kwanza maji baridi, si ya moto.
Hili nimelijua kwa kukosea:
ya moto huigandisha harufu kwenye plastiki,
ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Lakini hapa Mabela, mwezi wa Julai,
tangi liko juu ya paa, jua liko juu ya tangi,
mfereji wa baridi unatoa chai.
Basi hita naizima tangu Mei,
maji yapoe humo ndani, kivulini,
na mfereji wa moto ndio unaonipa ubaridi.

Ndoo naichomoa kwa nyuma, mikono miwili,
mfuniko umebanwa.
Napita ukumbini bila kuwasha taa
kwa kuwa mama anajifanya amelala
na mimi najifanya nimebeba kitu kingine.

Namwaga. Nasuuza. Namwaga tena.
Mkojo uondoke kwanza, ndipo klorini,
wala siki isiwe karibu,
la sivyo hewa inakukaba koo.
Siku ya pili nilitoka chooni nikikohoa,
sauti ikanijia kutoka kitandani:
"Wewe Harith, unaanza sigara na mvi hizo?"

Miaka thelathini na moja nimelala chini ya malori,
nakijua chuma.
Kutu huanzia pasipoonekana,
pale chini ya mkono wa kulia
anapoegemea akitaka kuinuka.
Kila Ijumaa nikirudi msikitini nakifungua chote:
spana namba kumi, mswaki mkuukuu, kitambaa kikavu.
Miguu minne, mipira minne,
mmoja umelika upande
kama kisigino cha mtu mwenye mawazo.
Nikazunguka maduka matatu ya Ruwi.
Muuzaji akauliza, "Wa fimbo?"
Nikasema ndiyo, wa fimbo.
Mpira ni ule ule. Uongo haukuwa mkubwa.

Miezi miwili ya mwanzo alikuwa akijizuia.
Mwanamke aliyenifundisha kuchamba,
mkono upi, maji kiasi gani, mguu upi wa kuingilia,
kule Wete, kabla hatujavuka,
alikaza meno mpaka alfajiri
ili mwanawe asiibebe ndoo.
Nyonga ilikwisha vunjika,
haya ilikuwa bado nzima.

Juzi akaja Bi Raiya kumjulia hali.
Kiti kimefunikwa khanga,
ile ya SIRI YA NYUMBA HAINA DIRISHA.
Akadhani meza.
Akaweka juu yake sahani ya haluwa,
finjani yake, simu yake,
akakaa saa nzima akilaumu mahari za siku hizi,
akinyoosha mkono, akimega, akilamba kidole.
Mama akanitazama mimi.
Mimi nikalitazama pazia.
Mlango ulipofungwa tu
Bi Muzna akacheka, akacheka, akashika mbavu:
"Harith! Mbio! Ondoa haluwa, kiti, kiti!"
Na kwa mara ya kwanza
hakungoja nizime taa.

Siku hizi nikimaliza naacha maji ndani ya ndoo,
kina cha vidole viwili, kisigande kitu.
Natia ubani kwenye chetezo,
si wa kuficha, ni wa kufungia kazi.
Usiku nikisikia mfuniko, tup,
nageukia ubavu wa pili, nalala.

Ila Ijumaa iliyopita, nilipokwisha kukaza,
skrubu moja imebaki mkononi.
Nimekitikisa kiti, hakichezi.
Nimekikalia mwenyewe, na kilo zangu tisini.
Nimepiga magoti na tochi, nimehesabu matundu,
yote yana wenyewe.
Nimeitia kwenye finjani yenye ufa, pale dirishani.
Kila asubuhi mama anauliza,
"Ishapata kwao?"
Namwambia bado.