Nani Anachochea?

Mimi hufufua jenereta. Ukipita Kakoba, Mbarara,
ukamwona mtu amezama kwenye grisi hadi viwiko,
ndiye mimi, Nuwagaba.

Katushabe, mpangaji wa chumba cha pili, anasomea nyota pale chuoni.
Umeme ulipokatika alinijia, kompyuta kifuani,
kama mtu aliyeokoa kuku kwenye mafuriko.
"Kaka, nipe saa mbili tu za moto."
Nikavuta kamba. Mara ya tatu mashine ikakohoa, ikanguruma.

Kwenye kioo: vitone vyeupe, vikiteremka.
"Hii ni nyota iliyokufa," akasema,
"kabla dunia haijapata hata jiwe."
Mwale wa gama, sekunde ishirini, basi.
Halafu mng'ao uliobaki, ukififia
kama kaa lililosahauliwa jikoni.

"Lakini tazama hapa."
Vitone vimegoma kushuka.
Vimelala tambarare, saa nzima na zaidi,
kama ng'ombe waliokwisha kunywa.
"Nani anachochea?"

Ndani ya majivu, akanieleza, kumezaliwa
kichanga cha nyutroni: kizito kuliko jua,
kipana kutoka hapa hadi Biharwe, ukapita kidogo.
Sumaku tupu. Kinazunguka mara elfu
hujamaliza kusema "moja".
Kila kinachotoa kinakipunguza mbio.

Nikaweka kikombe chini.
Dada, hiyo naijua.
Sumaku, mzunguko, mwanga:
ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.
Mara ngapi nimezima injini, gurudumu zito
likakataa kusimama, na balbu ikabaki
njano, pumzi tatu, nne,
ikilishwa na mbio peke yake?

Alinitazama kama aliyekuta ufunguo wake
mfukoni mwa mtu mwingine.

"Na huku mwisho?"
Vitone vilikuwa vimeanguka, kama vimesukumwa.
"Labda kilichoka tu. Labda kilijielemea,
kikadidimia, kikawa shimo jeusi.
Namba hazisemi."
Nyuma ya ukuta mtoto wa Mama Asiimwe alilia;
ana siku tisa, usiku hautaki.

Dizeli iliisha saa mbili hazijatimia.
Injini ikanyamaza.
Sikukimbilia tochi.
Tuliinua macho kwenye balbu, mimi na yeye,
tukahesabu.