Mkono wa Kushoto

Mara ya kwanza nilimwona kwa kinyozi Nzanzu, pale Birere,
nusu ya kichwa changu imenyolewa, nusu bado.
Kwenye televisheni watu walikimbizana juu ya maji yaliyoganda,
wembe chini ya kila mguu,
na Nzanzu, wembe wake mkononi, akalisahau sikio langu.
"Mholanzi yule. Hiltje. Miaka kumi na tisa."
Alikuwa wa mwisho. Kwenye kona akawapita wawili,
wa tatu akamgusa kiatu,
akaserereka hadi ukutani kama gunia lililokatika kamba.
Nilicheka, Mungu anisamehe.
Wiki ileile, mteremko wa Kibumba,
raba ya breki ilichomoka chini ya kisigino changu
nikalala mtaroni, mimi, chukudu na viazi vya watu.

Lakini ile kona sikuisahau:
mwili wote kaulaza kushoto, karibu ya kulala kabisa,
na ncha za vidole zinapapasa barafu
kama mtu anayeuliza uji kama umepoa.
Nilikwenda kwa Mama Kahindo, muuza samaki,
nikamwomba nitie mkono katika ndoo yake ya barafu.
"Unatafuta nini humo?"
"Kona."
Alinitoza franka mia mbili.

Mwaka wa lava tulikimbilia Sake.
Chukudu ilibeba godoro, bibi, na kuku wawili.
Tuliporudi, saluni ilikuwa na ufa
kutoka mlangoni hadi kwenye kioo,
kila mteja akijiona vipande viwili.
Majira ya baridi yao yalipofika, Hiltje alikuwa mbio za kupokezana.
Hawapeani kijiti wale. Wanasukumana kiunoni,
anayechoka anampa mwenzake mwendo wake wote
kisha anabaki mtupu, anateleza tu.
Walipata shaba. Nzanzu alinyoa wawili bure,
wa tatu akalipa.
Nikamwambia Bauma, mtoto anayenisukuma kwenye vilima:
"Unaona? Hata Ulaya mtu husukumwa."
Akauliza, "Na msukumaji wao hulipwa ngapi?"
Jioni nilimwongezea mia tano.

Mara ya mwisho benki zilikuwa zimefungwa,
watu walilipia nywele kwa maharagwe.
Hiltje alikuwa na goti lililofungwa kitambaa,
na uso wa mtu aliyekwisha kufungasha virago.
Mizunguko tisa. Akakaa wa tatu, akasubiri,
tukamtukana kwa kusubiri kwake,
wa pili, mzunguko mmoja umebaki, nusu,
akalala kushoto, vidole vikashuka,

umeme ukakatika.

Katika giza mmoja akaapa amemwona akipita.
Mwingine akasema, ameanguka, nimesikia ukuta.
Nzanzu akasema tutauliza.
Megabaiti nilizipata baadaye, nikamtazama mpira.
Sijauliza mpaka leo.

Nimeshona glavu ya kushoto,
raba ya tairi kuukuu kwenye kila ncha ya kidole.
Nikishuka na kabichi nakunja magoti, nalaza mti wote,
lava nyeusi inapita chini ya mkono wangu,
karibu, karibu zaidi, kwaruza.
Mama Kahindo aliiona akashika kiuno kwa kicheko:
"Glavu moja? Na kona za kulia?"

Kwake Hiltje kona zote zilikuwa za kushoto.
Kwangu za kulia zipo,
na malori yanapanda.